Nimepewa 30% ya PTSD, nikate rufaa au niache ilivyo?

Dereva_Msafara

Wakuu salaam. Mi huwa nasoma tu humu sichangii ila leo imebidi. Niliingia jeshi la Marekani 2010 kwa njia ya MAVNI, ile programu ya kuchukua wageni wenye lugha zao, Kiswahili kilikuwa kwenye orodha, uraia nikaupata humo humo jeshini, baadaye nikapelekwa Afghanistan, Kandahar, kazi yangu dereva wa malori ya msafara. Yaliyotokea barabarani sitayaandika hapa. Nikatoka 2016 na miaka yote hiyo sikudai hata senti, nilikuwa najiambia mikono ninayo miguu ninayo sasa naenda kudai nini, kuna wenzangu wamerudi kwenye masanduku.

Mke ndo kanisukuma mpaka nikapeleka madai mwaka jana kwa VA (idara ya maveterani ya Marekani), ya PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaobaki baada ya mshtuko kama wa vita, na ya masikio (yanalia ngiii usiku kucha). Barua ikatoka mwezi wa tatu mwaka huu 2025. Kiwango cha ulemavu wanachokulipia kila mwezi: masikio asilimia 10, PTSD asilimia 30, jumla 40. Mi nikaona sawa hela ni hela, mke akaisoma ile barua akacheka kile kicheko chake kisicho cha furaha akasema "haya, thelathini, na hizo sabini nyingine naishi nazo mimi."

Uchunguzi wenyewe ulikuwa hivi. Daktari wa kampuni iliyopewa tenda, jina siliweki, kwa video, kama dakika 25. Nilinyoa ndevu, mke kanipigia pasi shati. Daktari kaanza, unaendeleaje leo, nikasema nzuri. Nyumbani je? Nyumbani salama. Unaelewana na mkeo? Tunaelewana, tunamshukuru Mungu. Usingizi? Unasumbua kidogo. Sasa jamani mtu baki akikuuliza za nyumbani unamjibuje? Ndo tulivyolelewa, hata ukiwa na msiba unaanza na nzuri halafu ndo msiba unafuata. Sema yeye hakusubiri hiyo sehemu ya pili.

Ukweli ni kwamba nafanya kazi ghalani, shifti ya usiku, hii ni kazi ya nne tangu 2021, na usiku niliuomba mwenyewe kwa sababu watu ni wachache. Dukani mchana siendi. Lori likiachia breki za upepo najikuta nimeshaingia chini ya meza, vijana wanacheka, wa mwisho kucheka nilimkaba shati na ndo kazi ya tatu ilivyoisha.

Sasa naomba mnisaidie: rufaa inalipa au najisumbua? Nikikata wanaweza kunishusha hata hiyo 30? Fomu ni ipi maana kila mtu anataja namba yake? Na kuna jamaa kanipigia simu anasema kampuni yao itanipandisha halafu nawalipa mara tano ya nyongeza ya mwezi, hiyo imekaaje?

Kiatu_Kizito

Pole bro. Hiyo "nyumbani salama" ndio ilinimaliza pia mimi, nilienda uchunguzi 2020 na tai shingoni nikapewa 30, saa hii niko 70, kwa hivyo inawezekana lakini inataka makaratasi, kulalamika pekee haitakufikisha.

Kitu ya kwanza usijaze fomu ya rufaa bado. Itisha ripoti ya huyo daktari. Barua uliyo nayo ni muhtasari tu, ripoti yenyewe, ile DBQ (fomu ya maswali daktari hujaza), ndio ilitumika kukupima, na watu wengi hukata rufaa bila kuiona kabisa, ni kama kubishana na refa na haukuona mechi. Unaitisha faili lako lote la madai kwa fomu 20-10206. Ikikuja enda moja kwa moja mahali daktari anatakiwa kuchagua sentensi moja inayoeleza vile ugonjwa umeharibu kazi na maisha yako na watu. Hizo sentensi zimetolewa neno kwa neno kwa sheria ya viwango na kila moja ina asilimia yake. Yangu alichagua ile ya 30, lakini kurasa mbili mbele alikuwa ametia tiki kwa dalili ambazo kwa sheria ziko kwa orodha ya 70. Hapo ndio nilipata mlango.

Viwango vya akili ni 0, 10, 30, 50, 70 na 100, hakuna 40 hakuna 60, na iwe ni PTSD ama sonona ama wasiwasi, kipimo ni kile kile, kiko kwa kanuni za serikali ya Marekani, 38 CFR kifungu 4.130. Nikikuambia kwa lugha ya kawaida, 30 ni mtu ambaye kazi inamshinda siku moja moja lakini kwa jumla anajimudu. 50 ni mtu ambaye hategemeki tena kama zamani, hofu inampanda ghafla zaidi ya mara moja kwa wiki, anasahau, kukaa na watu ni shida. 70 ni mtu ambaye karibu kila upande umeingia ufa, kazi, familia, maamuzi, fikra, moyo, na hapo ndani ndio wametaja hasira za kulipuka na kushindwa kuzoea mazingira ya kazi. 100 ni umezimika kabisa, kazini na kwa watu.

Sasa hiyo stori yako ya kukaba mtu shati na kazi nne kwa miaka minne, soma tena hapo juu uniambie inakaa 30?

Na usiogope eti huna dalili zote za 70. Mahakama ilishasema 2002 kwa kesi ya Mauerhan kwamba zile dalili zilizoandikwa ni mifano, si orodha ya kutia tiki zote. Chenye wanaangalia ni uzito wa zako na vile zimekuharibia maisha. Na ukiwa katikati ya viwango viwili, kifungu 4.7 kinasema upewe cha juu kama hali yako inakaribia cha juu.

Kuhusu kama inalipa, hesabu ya 2025 kwa mtu bila mke na watoto: 30 ni dola 537.42 kwa mwezi, 50 ni 1,102.04, 70 ni 1,759.19. Bila kodi. Wewe uko na familia kwa hivyo yako iko juu kidogo. Piga hesabu mwenyewe.

Njiwa_Mtulivu

Samahani kuingilia, mimi nina PTSD halafu daktari kaniandikia na sonona pia, hizo si nitahesabiwa mbili zijumlishwe?

dada_wa_faili

Njiwa hapana, magonjwa ya akili yote yanapewa kiwango kimoja, hata ukiwa nayo matatu, maana dalili ni zile zile na sheria hairuhusu kulipwa mara mbili kwa dalili moja. Ila usiliache hilo la sonona, lisemee, kwa sababu dalili zake zinaingia kwenye kile kiwango kimoja na kukisukuma juu.

Kaka Dereva, nimejitolea miaka sita kwenye ofisi ya kusaidia maveterani na faili kama lako nimezishika nyingi mno, hasa za ndugu zetu Waafrika, wanaume wanaojibu "fine" mpaka karatasi inachoka. Ngoja nikueleze njia, maana hapa ndo watu wanapotea.

Tangu tarehe 19 Februari 2019 sheria mpya ya rufaa ilipoanza kufanya kazi kuna njia tatu. Ya kwanza ni madai ya nyongeza, fomu 20-0995, hii unaleta ushahidi mpya unaohusika, na VA wana wajibu wa kukusaidia kuutafuta, wanaweza hata kukupangia uchunguzi mwingine. Ya pili ni HLR, fomu 20-0996, hapo huongezi hata karatasi moja, afisa mwandamizi anapitia upya kile kile kilichokuwepo siku ya uamuzi, unaweza kuomba mazungumzo ya simu mara moja umwonyeshe kosa liko wapi. Ya tatu ni Bodi ya Rufaa, fomu 10182, unakwenda kwa jaji, na hii ndo ndefu kuliko zote.

Kiatu alikuwa na ripoti inayojipinga yenyewe, tiki zinasema hivi sentensi inasema vile, huyo alistahili HLR kwa sababu kosa lilikuwa ndani ya faili tayari. Wewe nadhani tatizo lako ni tofauti, ulichokisema hapa hakimo kwenye faili kabisa! Daktari aliandika alichosikia. Ukienda HLR huyo mwandamizi atasoma "nyumbani salama" kama mwenzake alivyosoma. Wewe unahitaji ushahidi mpya, kwa hiyo 0995. Lakini subiri ripoti kwanza kama Kiatu alivyosema, pengine na yako inajipinga.

Saa inayokimbia ni hii: mwaka mmoja kuanzia tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Ukiwasilisha ndani ya huo mwaka na ukashinda, nyongeza inarudi nyuma mpaka tarehe ya madai yako ya mwanzo, yaani malimbikizo ya tangu mwaka jana. Ukichelewa hata siku chache bado unaweza kuleta 0995 ila malipo yanaanza upya kuanzia siku hiyo uliyoleta. Na wakikukatalia 0995 unaweza kuleta nyingine, au ukaenda HLR, au Bodi, mradi kila mara usivuke mwaka kutoka uamuzi wa mwisho.

Kitu kingine, rudi kwenye ile barua uliyoitupa kwenye droo. Kuna sehemu imeorodhesha mambo waliyokubali kwa faida yako, hayo yamewafunga wao, anayekuja baadaye hawezi kuyakana hivi hivi. Na karibu na hapo wameandika kiwango kinachofuata kinahitaji nini. Watu wanaruka hiyo aya kutafuta hela.

Mzee_Tulia

Wadogo zangu mnamponza huyu kijana. 40 si haba. Mimi nina 50 yangu tangu zamani na sijawahi kuigusa, nyuki hachokozwi. Nilikuwa na mwenzangu alirudi kuomba zaidi wakampitia upya akatoka na pungufu. Halafu yeye anafanya kazi, mtu mwenye kazi atapewaje 70? Akae atulie ashukuru.

dada_wa_faili

Shikamoo mzee. Naheshimu, lakini hilo la kazi si kweli na linawazuia wengi. 70 haidai uwe nyumbani umekaa. Inaangalia kazi inakwendaje, sio kama unayo. Kaka ana kazi ya nne, anafanya usiku akimbie watu, hiyo yenyewe ni habari. Mnayoichanganya nayo ni TDIU, ile ya kulipwa kama 100 kwa sababu huwezi kushika kazi ya kukutosha, fomu 21-8940, kwa kawaida unatakiwa uwe na ugonjwa mmoja wa 60 au zaidi, au jumla 70 na mmoja wapo ufike 40. Hiyo ndo inauliza kama unafanya kazi.

Kuhusu kushushwa sitamdanganya mtu, faili likifunguliwa linasomwa lote, na kosa la wazi likionekana linaweza kugeuzwa. Lakini kushusha kiwango cha mtu sio kuamka asubuhi na kuamua. Inabidi waonyeshe umepata nafuu ya kweli, inayoonekana kwenye maisha yako sio kwenye siku moja nzuri. Na pale malipo yatakapopungua wanakutumia pendekezo kwanza, una siku 60 za kuleta ushahidi na siku 30 za kuomba kusikilizwa. Kiwango kikikaa miaka 5 kinakuwa kigumu zaidi kukigusa, kikifika miaka 20 hakishuki chini ya hapo labda iwe ni udanganyifu. Mtu ambaye hali yake kweli ni mbaya kuliko alivyopimwa, hatari yake ni ndogo. Yule mwenzako mzee sijui faili lake lilikuwaje.

Mzee_Tulia

Marahaba. Haya, la kazi sikulijua. Ila mimi yangu siigusi.

Kiatu_Kizito

Hahaha mzee wewe kaa na yako hakuna mtu anakulazimisha.

Dereva, hiyo kampuni ya mara tano achana nayo kabisa, weka simu chini. Sheria hairuhusu mtu kulipisha kwa kuandaa na kupeleka madai ya kwanza, na kwa rufaa mwenye anaruhusiwa kulipwa ni wakili ama wakala aliyeidhinishwa na VA, jina lake liko kwa orodha ya umma ya VA unaitafuta bure. Hao huchukua sehemu ya malimbikizo, 20% ndio inahesabiwa kuwa ya haki, ikizidi 33 na theluthi inaonekana ni kubwa kupita kiasi mpaka ithibitishwe. Asiyeidhinishwa hana hata ruhusa ya kushika faili lako. VSO (mtu wa kukusaidia na madai) wa vyama vya maveterani kama DAV, VFW ama American Legion ni bure, hata kama hujalipa uanachama. Mimi nilienda kwa VSO wangu, mama mmoja mkali kama pilipili, alinirudisha nyumbani mara mbili eti maelezo yangu yanakaa CV.

Na hiyo jumla yako ya 40, usifikirie ni 30 kujumlisha 10. Ilitokea tu ikalingana. Wanachukua wewe mzima 100, wanatoa 30 unabaki 70, halafu ile 10 inakatwa kwa hiyo 70 iliyobaki, ni 7, jumla 37, wanapeleka kwa kumi ya karibu, 40. PTSD ikipanda 70 hesabu inakuwa 73, wanashusha 70. Nasema mapema ndio usikuje hapa kulia umeibiwa kumi.

Mama_Wawili

Mimi ni mke wa veterani, mume wangu alipandishwa kutoka 30 kwenda 70 na nitasema bila aibu kilichomsaidia zaidi ni karatasi yangu, yule VSO mwenyewe alituambia. Shemeji Dereva, huyo mkeo aliyecheka, mpe fomu 21-10210. Hiyo ni ya shahidi, mtu yeyote anayekuona anaweza kuijaza, mke, ndugu, mwenzako wa kikosi, bosi wako wa zamani.

Sasa namna ya kuandika. Mara ya kwanza mimi niliandika kama risala ya mwenge, "mume wangu ni mtu mwema aliyelitumikia taifa na anateseka sana", VSO akasema mama hii nzuri ya msibani, haisaidii. Akaniambia andika ulichokiona, lini, mara ngapi. Nikaandika: analala sebuleni kwenye kiti kinachotazama mlango, kitandani amelala labda usiku kumi mwaka mzima. Niliandika alivyoondoka kwenye mahafali ya mtoto wa chekechea kwa sababu puto lilipasuka, akakaa garini saa mbili, gari limezimwa, jua kali, vioo vimefungwa. Nikaandika kwamba bili zote nalipa mimi tangu 2019 kwa sababu alizisahau tukakatiwa umeme. Nikaandika nilivyobadilisha mlio wa simu, wa mlango, wa mashine ya kufulia. Sikuweka neno "anateseka" hata mara moja.

Kiingereza chake kiwe kile kile anachokiongea, hakuna mwalimu wa kusahihisha pale. Na asiongeze chumvi, kwanza ni kosa la jinai, pili haina haja, ukiandika kweli yote utaona inatosha mpaka inazidi.

Na wewe shemeji uanze matibabu kama hujaanza. Rekodi ya mtu anayekuona kila wiki mbili ina nguvu kuliko mtu aliyekuona dakika 25. Kama hospitali inakuogofya kuna Vet Center, vituo vya ushauri vya VA, kwa mtu aliyepelekwa vitani ni bure, na rekodi zao zimetengwa na za hospitali, hazitoki bila wewe kusaini. Ukitaka zitumike kwenye rufaa basi lazima wewe mwenyewe uzitoe, usifikiri zitajipeleka. Mwanasaikolojia wako anaweza pia kukujazia DBQ ya mapitio ya PTSD, ile ipo wazi kwa madaktari wa nje.

Medik_wa_Zamani

Mmeongea yote isipokuwa moja na nitaliongea mimi. Dereva, na wengine mnaosoma kimya kimya kama yeye. Kwenye uchunguzi wanauliza kama umewahi kufikiria kufa. Wote tunajibu hapana haraka haraka. Tunaogopa kulazwa, tunaogopa kunyang'anywa silaha, watoto, kazi. Mimi nilijibu hapana na wiki hiyo hiyo nilikuwa nimesimama juu ya daraja nikihesabu magari.

Kisheria hili lina uzito. Mawazo ya kujiua yametajwa kwenye kiwango cha 70, na mwaka 2017 kwenye kesi ya Bankhead mahakama ilisema hata yale mawazo ya "afadhali nisiamke kesho", bila mpango wowote, yanahesabika, sio lazima uwe umejaribu au umelazwa. Kama unayo useme. Kama huna usiseme unayo.

Lakini weka rufaa pembeni. Kama ni usiku wa leo, piga 988 halafu bonyeza 1, anapokea mtu, hawakuulizi asilimia. Na tangu Januari 2023 veterani mwenye hali ya dharura ya kujiua anaweza kwenda hospitali yoyote, ya VA au isiyo ya VA, gharama anabeba VA, kulazwa mpaka siku 30 na matibabu ya nje mpaka siku 90, na kwa wengi haijalishi kama umejiandikisha. Nilikwenda. Sikupoteza kazi.

Dereva uko sawa lakini?

Dereva_Msafara

Medik niko sawa, yaani nimeanza kuandika niko sawa nikajishtukia. Hayo ya daraja sijafika. Ya kutotaka kuamka yamewahi kuja, mwaka jana mwezi wa kumi na moja, sijamwambia mtu, nawaambia nyie watu nisiowajua. Nimeihifadhi hiyo namba. Ahsante.

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nasubiri ripoti, imekuja juzi. Kurasa kumi na kitu. Nimeisoma ghalani wakati wa mapumziko kwenye simu. "Amevaa nadhifu, mchangamfu, anatoa ushirikiano. Anaeleza uhusiano mzuri na mke na watoto. Usingizi: matatizo madogo." Tiki zenyewe chache, hakuna ya hasira, hakuna ya kazi. Dada wa faili ulisema kweli, haijipingi, imenakili nilichosema. Sentensi aliyochagua ni ile ya 30 na kwa hayo niliyomjibu hata mimi ningechagua hiyo. Nilikuja hapa na hasira zangu kwa daktari, sasa sijui nizipeleke wapi.

Kwa hiyo ni 0995. Nimeandika orodha ya kazi zote nne, lini nilianza lini niliondoka na kwa nini, meneja wa ile kazi ya pili amekubali kuandika, aliniambia "nilikuwa nakupanga peke yako kwenye lango la nyuma makusudi, hukujua?" Sikujua. Vet Center nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza kaniuliza habari nikasema nzuri, halafu nikasema ngoja, si nzuri.

Mke nilimpa fomu Jumapili. Mama_Wawili nilimsomea ulichoandika, akasema huyu dada anaishi kwetu? Akaandika mezani jikoni, kurasa mbili mbele na nyuma, akanipa nisome akaenda kuoga. Mengi nayajua, kwamba saa tisa usiku nazunguka milango, nagusa kila kitasa mara tatu. Kuna moja sikuijua. Kaandika kwamba watoto wanagonga ukuta wa korido kabla hawajaingia sebuleni nikiwa nimekaa, na mdogo alifundishwa na mkubwa. Mi nilidhani ni mchezo wao.

Nina miadi na VSO Jumanne saa nne asubuhi, baada ya shifti. Swali la mwisho, hiyo 21-10210 anasaini yeye peke yake au na mimi?

Mama_Wawili

Anasaini yeye. Juu jina lako na namba ya faili lako, chini jina lake na saini yake na tarehe. Meneja naye ajaze ya kwake peke yake, msichanganye kwenye fomu moja. Piga picha kila ukurasa kabla hujaikabidhi.